Mtunza mzee nyumbani naye ni mwajiriwa: hesabu yake ianze mapema

MOROGORO — Taarifa za soko za kila wiki hutaja karoti na kabichi za Mgeta, ndizi za Matombo, nanasi za Kinole na mchele wa Kilombero. Kuna kitu kimoja kinachoshuka kutoka milima ya Uluguru kwa magari hayo hayo ambacho hakijapata kutajiwa bei hadharani. Nacho ni kazi ya mabinti na akina mama wanaokuja mjini kulea watoto na kuwatunza wazee waliolala kitandani. Bei yake hupangwa sebuleni, kwa maneno machache, na mara nyingi anayeipanga ni mfanyabiashara ambaye akinunua magunia 10 ya viazi haondoki bila stakabadhi.

Mji wa Morogoro una wazee wengi. Wapo wastaafu wa reli, wa viwanda vilivyojengwa enzi za mashirika ya umma, wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wa Mzumbe. Watoto wao wengi wanafanya kazi Dar es Salaam au Dodoma. Treni ya reli ya kisasa iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024 imefupisha safari ya kuja kuwaona, lakini mzee aliyepigwa na kiharusi anahitaji mtu wa kumgeuza kila saa chache, na mtu huyo hawezi kuja na treni ya Jumamosi na kuondoka na ya Jumapili. Anatafutwa mtunzaji wa kukaa naye. Hapo ndipo familia inapogeuka mwajiri bila kujitambua.

Neno linalowatisha wengi ni kodi. Mfanyabiashara akiambiwa kwamba mtunzaji wa nyumbani ni mwajiriwa kama yule wa dukani, jambo la kwanza analoliona ni ofisa wa TRA akibisha hodi. Hofu hiyo imeelekezwa mahali pasipo na hatari kubwa. Kodi ya mishahara, ile inayoitwa PAYE, haigusi mshahara usiozidi Sh. 270,000 kwa mwezi, kiwango kilichowekwa tangu Julai 2020. Kuanzia hapo hadi Sh. 520,000 hutozwa asilimia 8 ya kile kinachozidi 270,000. Mabinti wengi wanaotunza wazee hawafiki huko. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL, nayo haiihusu nyumba yenye mtunzaji mmoja, kwa kuwa tangu mwaka 2021 wanaoilipa ni waajiri wenye wafanyakazi 10 au zaidi.

Fedha inayodaiwa kweli iko kwingine. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, unataka asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hawezi kukatwa zaidi ya nusu yake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unataka asilimia 0.5 kutoka sekta binafsi tangu Julai 2022, na hiyo yote ni ya mwajiri. Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii ya mwaka 1997 inamhesabu mwajiri kwa kuwa ameajiri. Haiulizi kama ana kibao cha kampuni mlangoni.

Chukua mfano wa mtunzaji anayelipwa Sh. 150,000 kwa mwezi. Kodi ya mishahara hapo ni sifuri. Mwajiri anamkata 15,000, anaongeza 15,000 zake na kupeleka NSSF 30,000, kisha anapeleka WCF 750. Mtunzaji anaondoka na 135,000 mkononi, na mtunzaji huyo amemgharimu mwajiri 165,750. Kwa muuguzi aliyesomea anayelipwa Sh. 400,000, hesabu inakwenda mbele kidogo. NSSF inakata 40,000 kwake, na kwa kuwa mchango wa pensheni huondolewa kabla ya kukokotoa kodi, inabaki 360,000 ya kutozwa. Ziada ya 90,000 juu ya kiwango cha msamaha inatozwa asilimia 8, yaani Sh. 7,200. Muuguzi anapokea 352,800 na mwajiri anatumia jumla ya Sh. 442,000. Kati ya fedha hizo zote, iliyokwenda serikalini kama kodi ni hiyo 7,200 tu.

Kwa hiyo anayesema anakimbia kodi, kwa sehemu kubwa anakimbia akiba ya uzeeni ya mtu anayemtunzia mama yake.

Kisingizio kinachotangulia vyote ni undugu. Mtunzaji hajaajiriwa, watu husema, ni binti wa shangazi aliyekuja kusaidia. Uluguruni, ambako ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama, ni rahisi kwa nyumba yoyote kupata binti wa kuitwa ndugu, na mara nyingi ni ndugu kweli. Undugu huo una faida zake: mgonjwa huogeshwa na mtu anayemwonea haya, na fedha za nyumbani hazipotei ovyo. Lakini pale anapokuwa na saa za kuamka, kazi za kupangiwa na malipo ya kila mwezi, sheria inaona ajira. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakubali mkataba wa mdomo kwa kazi ya ndani ya Tanzania Bara, ila inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi: jina, kazi, tarehe ya kuanza, saa, mshahara, likizo. Kifungu cha 15 kina jino kali. Mgogoro ukifika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na mwajiri akawa hana maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira unakuwa wake. Binti akisema aliahidiwa 200,000, ni juu ya mwenye nyumba kuonyesha kwamba sivyo. Mfanyabiashara aliyezoea kukopesha kwa mali kauli anajua jinsi inavyokuwa vigumu kuthibitisha kitu kilichosemwa sebuleni miaka minne iliyopita.

Kisingizio cha pili ni chakula na malazi. Anakula kwangu, analala kwangu, kwa hiyo mshahara upungue. Amri ya Mishahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ilikwisha kulihesabu hilo. Iliweka kima cha chini cha Sh. 120,000 kwa mfanyakazi wa nyumbani asiyelala kwa mwajiri, na Sh. 60,000 kwa wa kawaida anayelala hapo. Tofauti hiyo ndiyo kitanda na sahani. Mwajiri aliyeshuka chini ya kima kwa kisingizio cha ugali alikuwa anakata chakula hicho hicho mara mbili. Amri hiyo hiyo iliwapanga wafanyakazi wa nyumbani wa wanadiplomasia na wa wafanyabiashara wakubwa katika kundi moja, Sh. 250,000. Wapo wafanyabiashara wa mji huu ambao ni wakubwa kwenye kamati za harusi na wadogo wakiingia ofisi za serikali, na amri ya namna hiyo inawalazimisha kuchagua.

Ipo pia lumbesa. Kila anayenunua mazao milimani anaijua: gunia linajazwa hadi linavaa kilemba, na mkulima analipwa gunia moja. Kazi ya kumtunza mgonjwa ina lumbesa yake, nayo hujazwa usiku. Sheria inahesabu saa 45 kwa wiki, isizidi saa 9 kwa siku, na saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Mtunzaji anayelala chini ya kitanda cha mgonjwa na kuamka saa saba, saa tisa na saa kumi na moja usiku amefanya kazi, hata kama amelala katikati. Familia nyingi zisingeweza kulipa saa hizo zote zikihesabiwa moja moja, na huo ndio ukweli usiosemwa. Njia ya haki ni kuzigawa: watu wawili wa kupokezana, au ndugu mmoja kuchukua usiku wa Ijumaa na Jumamosi ili mtunzaji alale. Na kama anayechukuliwa ni mtoto, mjadala unafungwa. Aliye chini ya miaka 14 haajiriwi kabisa, na kumwinua mtu mzima asiyejiweza si kazi nyepesi ya kumpa mwanafunzi.

Wafanyabiashara wa Soko Kuu la Chifu Kingalu wana njia ya mkato inayojulikana kila mahali penye maduka: mtunzaji anaandikwa kwenye orodha ya mishahara ya duka. Inaonekana ni ujanja mzuri, kwa sababu gharama inaingia kwenye vitabu na faida inapungua. Kwa mtaji wa kawaida haileti hata senti. Mfanyabiashara ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi Sh. 100,000,000 na analipa kodi ya makadirio, hulipa kwa kuangalia mauzo, na mishahara aliyolipa haipunguzi chochote. Aliye juu ya hapo, mwenye kufunga hesabu, anakutana na kifungu cha 11 cha Sheria ya Kodi ya Mapato kinachokataa matumizi ya nyumbani kuondolewa kwenye mapato ya biashara. Mkaguzi akiuliza huyu wa nane anauza nini dukani, jibu halipo. Na kwa duka lenye watu 9, kumwandika mtunzaji kuwa wa 10 kunaifungua mlango SDL, iliyoshushwa hadi asilimia 3.5 mwaka 2023, na hiyo inatozwa kwenye mishahara ya wote 10.

Deni lenyewe hukua kimya kimya. Yule mtunzaji wa 150,000 akikaa miaka 5 bila kuandikishwa, michango isiyopelekwa NSSF ni Sh. 30,000 mara miezi 60, yaani 1,800,000. Mfuko humdai mwajiri sehemu zote mbili, pamoja na tozo ya kuchelewa. Angelipa kila mwezi, fedha iliyotoka mfukoni mwake, NSSF na WCF pamoja, ingekuwa Sh. 945,000 kwa miaka hiyo yote. Kusubiri kumemgharimu karibu mara mbili.

Ajira ya namna hii, tena, ina mwisho unaojulikana tangu siku ya kwanza. Mzee hufariki. Arobaini inapita, watoto wanarudi Dar es Salaam, na binti anapewa nauli ya kurudi Kolero pamoja na khanga mbili za marehemu. Kwa sheria, kazi imekwisha kwa sababu za upande wa mwajiri. Mfanyakazi anastahili notisi ya siku 28 au malipo yake, likizo ambayo hajaichukua, na kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, hadi miaka 10. Kwa 150,000, anayefanya kazi siku 6 kwa wiki, siku moja ni kama Sh. 5,769, na miaka 5 inatoa Sh. 201,923. Kiinua mgongo na notisi vikijumlishwa na michango ya NSSF, dai linapita Sh. 2,000,000 kabla ya kuhesabu likizo hata moja. Kwa muuza nguo za mitumba wa Mawenzi, hiyo ni fedha ya marobota, na inadaiwa wakati familia ndiyo kwanza imemaliza gharama za msiba. Binti ana siku 30 za kupeleka CMA lalamiko la kuachishwa isivyo halali, na siku 60 kwa madai mengine. Haitaji wakili kufanya hivyo.

Swali gumu zaidi linalofuata ni nani alikuwa mwajiri. Mtoto mmoja alikuwa akituma 50,000 kwa simu kutoka Mwanza, wa pili 50,000 kutoka Dodoma, na wa tatu, anayeishi Kihonda, ndiye aliyemkabidhi mtunzaji fedha kila mwisho wa mwezi. Aliyempangia kazi na kumkabidhi mshahara ndiye atakayeonekana, naye ni yule aliyebaki karibu na mzazi. Wengine watasema walikuwa wanachangia matunzo. Familia yenye busara huandika karatasi mapema: mwajiri ni fulani, na wachangiaji wanawajibika kwake kwa kiasi fulani, pamoja na akiba ya kumaliza ajira. Sh. 10,000 ikitengwa kila mwezi inatosha kuondoa aibu ya mwisho.

Upande wa binti una sauti yake pia, nayo haipaswi kupuuzwa. Wengi hukataa kukatwa. Sh. 15,000 ni ada na sabuni kwa wadogo zake kijijini, na pensheni ya NSSF inadai michango ya miezi 180, yaani miaka 15, ambayo haionekani kutoka jikoni kwa watu. Jibu lipo katika sheria yenyewe. Kiwango cha nusu ndicho kikomo cha makato ya mfanyakazi, na hakuna kinachomkataza mwajiri kubeba asilimia 20 yote. Kwa mfano ule wa kwanza, gharama inakuwa Sh. 180,750 na binti anapokea 150,000 kamili. Michango hufuata namba yake ya uanachama, hivyo akihama nyumba tatu au akiajiriwa hotelini kesho, miezi inaendelea kuhesabiwa. Na ile 750 ya WCF ni ya leo, haisubiri uzee. Kumwinua mtu mzito kutoka kitandani mara sita kwa siku huvunja migongo, na mtunzaji akiumia akiwa kazini bila kuandikishwa, gharama ya matibabu inarudi kwa mwenye nyumba.

Lawama haiwezi kubaki kwa wenye nyumba peke yao. Mtu mwenye mfanyakazi mmoja anatakiwa kujiandikisha NSSF, kujiandikisha WCF, na mshahara ukizidi kiwango cha msamaha, kupeleka kodi TRA ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Milango mitatu kwa Sh. 30,750. Kampuni ina mhasibu wa kazi hiyo. Mwalimu mstaafu wa Kilakala anayemtunza mume wake hana.

Marekani walipita hapo. Januari 1993 Rais Bill Clinton alimteua Zoë Baird kuwa Mwanasheria Mkuu wa nchi hiyo, na uteuzi ukaanguka baada ya kubainika kwamba hakuwa amelipia michango ya hifadhi ya jamii ya wafanyakazi wake wa nyumbani. Ilionekana wazi kwamba wengi walikuwa kama yeye. Kiwango cha kuanza kuchangia kilikuwa dola 50 kwa robo mwaka, kilichowekwa zaidi ya miaka 40 nyuma. Mwaka 1994 Bunge lao lilikipandisha hadi dola 1,000 kwa mwaka na kuruhusu familia ilipe mara moja, pamoja na ritani ya kodi ya mwaka ya mwenye nyumba. Ufaransa wamekwenda mbali zaidi na kumrudishia mwenye nyumba nusu ya gharama kupitia kodi yake, kwa ukomo maalumu. Kenya wamekwenda upande mwingine: mwajiri wa nyumbani huko anahesabu NSSF, mfuko wa afya wa SHIF wa asilimia 2.75 ulioanza Oktoba 2024, na tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 kwa kila upande. Mzigo huo ni mzito, na anayejua Nairobi anajua ni nyumba ngapi zinaubeba kwa hiari.

Tanzania haihitaji kupunguza haki ya mtunzaji ili kurahisisha jambo hili. SDL imeonyesha kwamba serikali inajua kumtofautisha mwajiri mdogo na mkubwa. Karatasi moja na namba moja ya malipo kwa NSSF na WCF, inayolipwa kwa simu kila robo mwaka kwa mwajiri wa nyumbani mwenye mfanyakazi mmoja au wawili, ingeleta michango ambayo leo haiji kabisa. Serikali za mitaa, ambazo wenyeviti wake wanajua kila nyumba yenye msaidizi, zingeweza kugawa fomu ya maelezo ya ajira ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili. Chama cha wafanyakazi CHODAWU, ambacho wafanyakazi wa majumbani wamo ndani yake, kingepata pa kuanzia.

Hadi hapo, aliye na mtunzaji nyumbani ana kazi ya jioni moja. Amri ya mishahara iliyofuata ile ya 2022, ya mwaka 2025, ilipandisha viwango kuanzia Januari 2026, kwa hiyo mshahara uliopangwa zamani ulinganishwe kwanza na kima kipya. Maelezo ya ajira yaandikwe na kusomwa kwa sauti mbele ya mtunzaji, kwa sababu sheria inataka ayaelewe, kisha nakala itunzwe, maana inatakiwa kuwepo hadi miaka 5 baada ya ajira kwisha. Michango ya NSSF ya mwezi huu inatakiwa kufika kabla mwezi ujao haujaisha.